Sitara Haifuniki Dhulma

Somo letu la safari hii ni juu ya watu tunaowakimbilia watoto wetu wanapougua, yaani madaktari, matabibu, wauguzi na wakunga. Swali lenyewe ni hili: mtoto akifikishwa mbele yao naye ameumizwa na mtu, lipi ni wajibu wao, na lipi ni wajibu wetu?

Twachukua mfano kutoka mitaa ya mashariki ya Nairobi, iitwayo Eastlands: Pumwani, Majengo, Eastleigh, Mathare, Umoja, Dandora na Kayole. Wengi wetu wa pwani tuna jamaa huko, kwani Pumwani ina Waislamu tangu ilipoanzishwa katika miaka ya 1920. Huko familia nyingi hukaa chumba kimoja. Mama hudamka kwenda Gikomba kutafuta riziki, na mtoto huachwa kwa jirani. Hatumlaumu mama huyo. Lakini mtoto aliyeachwa ni amana, na yako mikono ihiniyo amana. Tena amdhuruye mtoto mara nyingi si mgeni, bali ni mtu aingiaye nyumbani bila ya kupiga hodi. Kwa hivyo huenda mtu wa kwanza wa nje kuuona mwili wa mtoto akawa ni muuguzi wa zahanati. Yeye ana wajibu wa namna nne.

Kwanza ni kuona. Hata madaktari wenyewe walikawia kulijua jambo hili. Mwaka 1962 ndipo Dakta Henry Kempe na wenzake huko Marekani walipoandika waziwazi kwamba mivunjiko mingi ya watoto wachanga haikutokana na kuanguka, bali na kupigwa na walezi wao. Zipo alama za kutiliwa shaka: mchubuko kwa mtoto ambaye bado hajatambaa, mfupa mpya uliovunjika kando ya wa zamani uliokwisha unga, miguu miwili iliyoungua na maji ya moto sawasawa, kama iliyovishwa soksi, maelezo yanayobadilika kila yanapoulizwa, na jeraha lililocheleweshwa siku nyingi. Alama moja si hukumu, lakini ni sababu ya kuuliza, na kumuuliza mtoto faragha, kwa upole.

Pili ni kutibu na kuandika. Mwaka 2008 shirika la Médecins Sans Frontières lilianza kuwatibu huko Eastlands watu walionajisiwa, na wengi katika waliofika walikuwa hawajatimia miaka 18. Mtoto wa namna hii matibabu yake hayangoji. Dawa ya kukinga virusi vya ukimwi yapasa ianzwe kabla ya kupita saa 72, na kila saa ipitayo huipunguzia nguvu. Asioshwe kabla ya kuonwa na daktari, na nguo zake ziwekwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, zisiharibike. Katika hospitali za serikali matibabu haya hayalipiwi, wala mtoto haifai kurudishwa mlangoni ati kwa kuwa hajapita polisi. Kisha maneno ya mtoto yaandikwe kama alivyoyatamka, kwani karatasi ile ndiyo itakayosema mbele ya hakimu mtoto atakaposhindwa kusema.

Tatu ni kupeleka habari. Kumtibu mtoto na kumrudisha mikononi mwa aliyemuumiza ni kumfunga jeraha ili aumizwe tena. Ziko ofisi za watoto za serikali, wako polisi, na iko simu ya 116 ambayo hailipiwi. Tangu mwaka 2023 serikali imetuma majumbani wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Nao wapite wakiwa na macho ya kuona, si daftari tu.

Nne ni kuizuia mikono yao wenyewe. Katika Eastleigh imejulikana kwamba wako wauguzi na wakunga wakeketao wasichana kwa ujira, wakidai kwamba sindano ya ganzi na wembe safi huondoa madhara. Sheria ya mwaka 2011 haikubagua baina ya ngariba na mwenye cheti. Ridhaa ya mzazi si udhuru, ajuaye akanyamaza naye ana kosa, na adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Wembe safi hauhalalishi dhara.

Sasa twageukia upande wetu, kwani daktari aweza kutimiza yote hayo, kisha sisi tukayavunja. Wako wasemao kwamba mambo ya nyumbani ni sitara. Wazee hukutana, mwovu hutozwa fedha, au msichana huozwa aliyemharibu, na kesi huzikwa. Hiyo si sitara! Sitara tuliyohimizwa ni kumfunikia mtu aibu iliyo baina yake na Mola wake. Dhulma ina mwenyewe, naye ni mtoto. Hapana mzee awezaye kuisamehe kwa niaba yake. Katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa kusimamia uadilifu hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi ni ukoo gani uliotolewa katika amri hiyo?

Kwa hivyo muuguzi akiuliza, tusimkasirikie. Akiandika, tusimwombe afute. Akipeleka habari, tusimtenge. Heshima ya nyumba haijengwi juu ya kilio cha mtoto.

Maswali ya kuzungumzwa darasani: Katika mtaa wetu, mtoto akiumizwa usiku, ni hospitali gani itakayompokea, na nani atakayempeleka? Na akiwa aliyemuumiza ni mtu wa safu ya mbele msikitini, je, tutasema yale yale?