Ukisikia 'watafiti wasema', uliza kwanza walitafiti vipi

NI nadra wiki kumalizika bila ya kusoma gazetini au kusikia redioni kwamba watafiti wamegundua jambo jipya kuhusu akili na tabia ya binadamu. Leo utaambiwa kwamba simu inawanyima watoto usingizi, kesho kwamba mtoto anayebebwa sana hudeka, na kesho kutwa utasikia kinyume chake. Wako wazazi wanaobadilisha malezi kwa sababu ya habari kama hizo. Wengine huacha dawa walizoandikiwa na daktari, na wengine hujilaumu kwa ugonjwa wa mtoto ambao hawakuusababisha wao.

Kwa sababu hiyo, ni vyema msomaji ufahamu jinsi wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya akili na tabia, wanavyokusanya habari zao. Si lazima uwe umesomea chuo kikuu. Kuna njia nne kuu za kueleza tabia ya watu jinsi ilivyo, na kila moja ina nguvu zake na udhaifu wake.

Njia hizo ni kumchunguza mtu mmoja kwa kina, kuwatazama watu katika mazingira yao ya kawaida, kuwauliza watu wengi maswali, na kulinganisha mambo mawili ili kuona kama yanaandamana. Katika njia zote nne, mtafiti habadilishi chochote katika maisha ya watu. Anaeleza tu alichokikuta.

Chukua mfano wa usingizi wa vijana. Daktari anaweza kumfuatilia kijana mmoja asiyepata usingizi kwa miezi sita. Mtafiti mwingine anaweza kukaa katika bweni la shule usiku akiandika wanafunzi wanalala saa ngapi. Wa tatu anaweza kuwapa wanafunzi 1,000 karatasi ya maswali. Wa nne anaweza kuchukua saa za usingizi za wanafunzi hao na kuzilinganisha na alama zao za mtihani. Shida wanayoichunguza ni moja, lakini kila mmoja atapata jibu la aina yake.

Mtu mmoja kwa kina

Njia ya kwanza hutumiwa hasa pale ugonjwa au ajali inapompata mtu kwa namna isiyo ya kawaida. Kisa kinachojulikana sana ni cha Mmarekani Henry Molaison, aliyekuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji na kuondoa sehemu ya ubongo wake pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini Molaison hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alikuwa kila mara kama mgeni machoni pake.

Hata hivyo, Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kupitia kioo, mgonjwa huyo alizidi kuwa hodari siku baada ya siku, ingawa hakukumbuka kwamba amewahi kufanya zoezi hilo. Hivyo wataalamu walitambua kwamba kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya ustadi wa mikono hazihifadhiwi kwa njia moja. Hakuna mtafiti ambaye angeruhusiwa kumwondolea mtu sehemu ya ubongo kwa makusudi ili ajifunze jambo hilo. Molaison alifariki mwaka 2008.

Lakini mtu mmoja si watu wote. Katika utafiti, methali ya samaki mmoja akioza haifai. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliokuwa na hali ambayo leo tunaiita usonji. Maelezo yake yalikuwa ya thamani kubwa. Lakini alitaja pia kwamba wazazi wengi wa watoto hao hawakuonekana kuwa na uchangamfu. Kutokana na maneno hayo kukazuka imani kwamba usonji unaletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Bruno Bettelheim aliieneza zaidi katika kitabu alichokitoa mwaka 1967.

Kwa miaka mingi akina mama walibebeshwa lawama hiyo. Mwaka 1977, Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za pacha nchini Uingereza. Miongoni mwa jozi 11 za pacha wanaofanana kabisa, kulikuwa na jozi 4 ambazo watoto wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za pacha wasiofanana, hakukuwa na hata moja. Ilidhihirika kwamba urithi wa damu una sehemu kubwa katika hali hii. Ikiwa wewe ni mzazi wa mtoto mwenye usonji na kuna jamaa anayekulaumu kwa malezi yako, fahamu kwamba lawama hiyo ilianzia kwa watoto wachache na haikusimama ilipopimwa.

Kutazama bila kuingilia

Njia ya pili ni ya kuwafuata watu mahali wanapoishi, wanapocheza au wanapofanya kazi. Mojawapo ya tafiti zinazoheshimiwa sana ulimwenguni ilifanywa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, na akawa akizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Alikwenda katika kila nyumba baada ya wiki mbili hivi, akikaa kwa muda wa saa mbili na kuandika aliyoyaona.

Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Ainsworth aliona jambo tofauti. Mtoto alitambaa kwenda kuchunguza vitu, akageuka kumtazama mama, kisha akarudi kwake alipoingiwa na hofu. Wengine waliwapenda sana watu ambao hawakuwa wakiwalisha. Aliyoyaona vijijini, aliyoyachapisha katika kitabu mwaka 1967, ni msingi wa mengi ambayo wauguzi na walimu wa chekechea wanafundishwa leo kuhusu mtoto na mlezi wake.

Hapa Kenya, Charles Super aliwachunguza watoto wa Wakipsigis katika eneo la Kokwet miaka ya 1970. Watoto hao waliweza kuketi na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa kiasi cha mwezi mmoja. Wageni waliotangulia walidhani mtoto wa Kiafrika huzaliwa hivyo. Super alitazama kwa makini na kugundua kwamba akina mama walikuwa wakiwafundisha watoto kuketi na kutembea kwa makusudi. Katika mambo ambayo hawakufundishwa, kama vile kutambaa, watoto hao hawakuwatangulia wenzao.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba anayejua anatazamwa hubadilika. Mgeni akiingia nyumbani, hata mtoto mtundu huketi vizuri. Tena mtazamaji anaweza kuona lile tu analotarajia kuona. Ndiyo sababu watafiti waangalifu hurudi mara nyingi mpaka wazoeleke, na huwatumia watazamaji wawili wanaoandika kila mmoja peke yake kisha wanalinganisha.

Kuwauliza wengi

Mambo mengine hayaonekani kwa macho. Huwezi kutazama hofu, huzuni au yanayotendeka ndani ya nyumba za watu. Hapo inakubidi kuuliza. Katika uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2022 katika kaunti zote 47, wanawake zaidi ya 32,000 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walihojiwa. Maswali kuhusu kupigwa waliulizwa baadhi yao tu, mwanamke mmoja katika nyumba, tena akiwa faraghani. Asilimia 34 ya walioulizwa walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Bila shaka unaona umuhimu wa faragha hiyo. Mwanamke akiulizwa mbele ya mumewe, jibu huenda likawa tofauti.

Jambo la kwanza la kuangalia katika utafiti wa maswali ni nani walioulizwa. Wingi wa watu peke yake hautoshi. Mwaka 1936, gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka karatasi za kura ya maoni kwa watu milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakajibu. Likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda rais Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi ya walioulizwa yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na magari, na miaka hiyo maskini wengi hawakuwa na vitu hivyo. Isitoshe, walio wengi hawakurudisha karatasi zao.

Jambo la pili ni jinsi swali lilivyoulizwa. Mwaka 1940, Wamarekani waliulizwa kuhusu hotuba za hadharani za kupinga demokrasia. Walipoulizwa kama hotuba hizo ziruhusiwe, asilimia 62 walisema zisiruhusiwe. Kundi jingine lilipoulizwa kama zipigwe marufuku, ni asilimia 46 tu waliosema ndiyo. Kutoruhusu na kupiga marufuku ni jambo moja, lakini neno kali liliwafanya watu wasite.

Kulinganisha mambo mawili

Njia ya nne ndiyo inayowapotosha watu wengi zaidi. Mtafiti hupima mambo mawili na kuangalia kama yanapanda na kushuka pamoja. Matokeo huandikwa kwa nambari kati ya -1 na +1. Nambari ikikaribia +1, mambo hayo hupanda pamoja. Ikikaribia -1, moja hupanda jingine likishuka. Ikiwa ni sifuri, hayaandamani.

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliuliza kuhusu watoto 479 walivyolazwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kati ya waliolala gizani, asilimia 10 walikuwa hawaoni mbali. Kati ya waliolala na taa ndogo walikuwa asilimia 34, na waliolala taa ya chumba ikiwaka, asilimia 55. Wazazi waliingiwa na wasiwasi kwamba taa inaharibu macho ya watoto.

Mwaka uliofuata, watafiti wengine walichunguza na hawakuona uhusiano huo. Walichokiona ni kwamba wazazi wasioona mbali ndio waliopenda kuacha taa ikiwaka usiku, na wazazi hao hao huwarithisha watoto macho yao. Taa na macho viliandamana kweli, lakini nyuma yake kulikuwa na jambo la tatu.

Kwa hivyo ukiambiwa kwamba mambo mawili yanaandamana, jiulize: Je, la kwanza ndilo linaloleta la pili? Au la pili ndilo linaloleta la kwanza? Au kuna la tatu linaloyaleta yote mawili? Njia hii peke yake haiwezi kukujibu.

Anayetaka kujua chanzo hufanya jaribio, ambalo halimo katika njia hizi nne. Katika jaribio, watu hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kundi moja likapewa dawa au mafunzo na jingine lisipewe, kisha matokeo yakalinganishwa. Mambo mengine hayawezi kujaribiwa hivyo. Huwezi kuwachagua watoto kwa kura ili wengine wapigwe na wengine wasipigwe.

Jipime

Visa vifuatavyo ni vya mfano tu. Taja njia iliyotumiwa katika kila kimoja kabla ya kusoma majibu.

1. Mhadhiri alikaa katika kituo cha matatu kwa wiki tatu akihesabu ni mara ngapi makanga na abiria wanagombana.

2. Daktari alieleza habari za mwanamke aliyeshindwa kutambua nyuso za watu baada ya kupata kiharusi.

3. Wafanyakazi 800 wa ofisini walijaza karatasi kueleza kama madeni yanawakosesha usingizi.

4. Ilionekana kwamba wanafunzi wanaotumia simu kwa saa nyingi ndio wenye huzuni zaidi.

5. Wagonjwa 200 wenye wasiwasi waligawanywa kwa kura, nusu wakafundishwa mazoezi ya kupumua na nusu wakangoja.

Majibu: Kisa cha kwanza ni kutazama. Cha pili ni mtu mmoja kwa kina. Cha tatu ni kuuliza wengi. Cha nne ni kulinganisha, na hakisemi kama simu inaleta huzuni au kama mwenye huzuni hukimbilia simu. Cha tano ni jaribio, na ndicho pekee kinachoweza kusema kama mazoezi hayo yanasaidia.

Siku nyingine utakaposoma habari za utafiti, angalia ni watu wangapi waliochunguzwa, walipatikana vipi, waliulizwa au walitazamwa, na kama mwandishi anasema jambo moja linaleta jingine ilhali yameonekana tu pamoja. Kama habari yenyewe inahusu dawa unayotumia au ugonjwa wa mtoto wako, ikate uende nayo kliniki na umwonyeshe daktari. Usiache dawa wala usianze nyingine kwa sababu ya kichwa cha habari.