Maji moto wameteka miembe yangu

*Maji moto, wale sisimizi wa mitini, wamejaa miembeni na wananiuma nikichuma. Sijawaona wakila nzi wa matunda. Niwapulizie dawa? – Mkulima, Malindi*

Waache, ndugu yangu. Ni kweli nzi mzima huwaponyoka mara nyingi, ila kazi yao si kula tu. Wakipita juu ya embe huacha harufu. Utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kuwa nzi jike akiikuta hutaga kidogo au huondoka. Minazini nako huwatimua kunguni wanaofyonza nazi changa hadi zianguke.

Kuuma ndiko kero, nakubali. Chuma alfajiri, kwa kingoe, na ujipake jivu mikononi. Embe zilizoanguka zifukie. Mabuu ya nzi yakizidi embeni, au sisimizi wadogo wa ardhini wakiwafukuza maji moto, muone afisa kilimo au nenda kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Mtwapa.