Giza la Leipzig na bati za mama

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Njombe. Tangu Oktoba niko Leipzig, Ujerumani, nasomea shahada ya uzamili ya bayolojia. Kabla sijaondoka watu walinitisha na baridi, nami sikutishika, maana nimekua naona sakitu ikiunguza viazi shambani mwezi wa saba. Mwanzo nilikuwa mzima. Ila tangu Novemba sijielewi. Nalala kwa muda wa saa kumi na moja na bado naamka nimechoka. Asubuhi nikivuta pazia ni giza, nikitoka maabara ni giza. Kupika nimeacha, nashindia mkate. Mama akipiga simu nazima kamera ili asiuone uso wangu. Juzi nimekosa kipindi kwa sababu tu nilishindwa kuinuka kitandani.

Mwenzangu ninayeishi naye, Mwitaliano, ananishauri niende kwa mshauri wa chuo. Naogopa. Nyumbani wakisikia watasema nimechanganyikiwa, na nahofia kunyang'anywa ufadhili.

La pili, yeye na wenzetu watatu wamenialika likizo ya Krismasi twende Dresden, kisha Praha, siku nne. Nimepiga hesabu, inahitajika kama euro 180. Akiba yangu yote ni euro 300, na niliiweka nimtumie mama aezeke upya jiko, maana linavuja. Nafsi inanisuta: mama ananyeshewa, mimi nikatembee miji ya watu? Nifanyeje?

Binti wa Njombe, Leipzig

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo la kuchanganyikiwa, maana ndilo linalokunyima usingizi hata ukiwa umelala. Hujachanganyikiwa, wala si mvivu. Hali uliyoieleza madaktari wanaijua na ina tiba. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani waliieleza kitaalamu huzuni inayomwingia mtu majira ya baridi na kumwachia majira ya kuchipua. Rosenthal ni mzaliwa wa Johannesburg. Alihamia New York akiwa daktari kijana, akajikuta nguvu zinamwishia siku zinapofupika. Kulala sana bila kupumzika, kutamani vyakula vya wanga, kujitenga na watu, yote hayo yamo katika maelezo ya ugonjwa huo. Kukupima kwa barua siwezi, hiyo ni kazi ya daktari, lakini ninavyokusoma una kila sababu ya kwenda kupimwa na huna sababu hata moja ya kuona aibu.

Umesema kweli kwamba baridi siyo iliyokuangusha. Kilichokuangusha ni upungufu wa mwanga. Njombe, hata siku ya sakitu, jua unalipata kwa takriban saa kumi na mbili. Leipzig mwezi huu linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni, tena linapita chini, juu kidogo ya mapaa, mara nyingi nyuma ya mawingu. Muda huo wote wewe uko maabara. Mwili hujua saa ya kuamka na ya kulala kwa mwanga unaoingia machoni, hasa wa asubuhi. Wako haupati ishara hiyo, ndiyo maana unalala na kuamka bila mpango.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuufuata mwanga. Kila siku mchana, toka nje nusu saa utembee, hata kukiwa na mawingu, kwa sababu mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaushinda mara kadhaa ule wa taa za darasani. Zipo pia taa maalumu za lux 10,000, ambazo mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi akinywa chai au akisoma. Muulize daktari kwanza, hasa kama una tatizo la macho. Mwombe pia akupime vitamini D. Katika latitudo hiyo, tangu Oktoba hivi hadi Machi, jua halina nguvu ya kutosha kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi. Usijinunulie vidonge vya kipimo kikubwa kwa kukisia, maana vikizidi vinadhuru figo.

Ili kutoka nje kusiwe adhabu, vaa vizuri. Fulana ya pamba ikilowa jasho inakaa na ubaridi mwilini, hivyo ya ndani iwe ya sufu au ya kitambaa kinachokauka upesi, juu yake sweta, kisha koti lisilopitisha upepo. Viatu viwe na nafasi ya soksi nene. Usifunue masikio. Maduka ya nguo za mitumba yako tele Ujerumani, na koti zuri utalipata humo kwa bei ya mwanafunzi.

Sasa mshauri. Nenda. Studentenwerk Leipzig, shirika lilelile linalosimamia hosteli na migahawa yenu, lina ofisi ya ushauri wa kisaikolojia kwa wanafunzi na huduma hiyo ni bure. Unapoomba miadi, sema kama unapendelea Kiingereza. Washauri wamefungwa na sheria ya usiri, hawapeleki habari zako kwa wafadhili, kwa walimu wala Njombe. Kinachoweza kuuhatarisha ufadhili wako ni kufeli mitihani kwa kujifungia chumbani. Na ikitokea ukaanza kuwaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje miadi. Piga 0800 1110111, ni bure saa 24, au 112 ikiwa ni dharura, na mwamshe mwenzako wa chumba hata usiku wa manane.

Kuhusu mama, mwanangu, washa kamera. Mficha maradhi kilio humfichua. Unadhani unamlinda, lakini mzazi anayeongea na simu nyeusi wiki baada ya wiki huwaza mabaya kuliko ukweli wenyewe. Mwambie kwa maneno mepesi: "Mama, huku jua linazama saa kumi, mwili umechoka, naenda kumwona daktari." Hilo ataelewa. Amekulea ukiumwa malaria na surua, hawezi kushindwa na hili.

Tuje kwenye fedha. Wengi wangekuambia safari ni anasa, tuma yote kwa mama. Mimi naitazama kalenda. Ujerumani maduka hufungwa mchana wa tarehe 24 Desemba, na tarehe 25 na 26 ni sikukuu. Wanafunzi wanarudi kwao, mabweni yanabaki matupu, miji inanyamaza. Mtu aliye katika hali yako hapaswi kuachwa peke yake siku hizo. Siku nne za kutembea nje mchana, pamoja na watu wanne, mmoja wao akiwa ameshagundua kwamba hauko sawa, ni sehemu ya tiba yako. Nakuambia uende.

Lakini jiko linavuja, na Njombe mvua ndiyo kwanza inashika kasi. Kwa hiyo gawa. Tuma euro 100 sasa hivi, zaidi ya laki mbili na nusu za Tanzania, fundi abadilishe bati za upande unaovuja zaidi. Safari ibaneni iwe 150: laleni hosteli ya vijana, bebeni chakula, tiketi kateni mapema. Zinabaki 50 za dharura, usiziguse. Bati zilizosalia utazitafuta mwakani kidogo kidogo. Sheria ya Ujerumani inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi siku 140 kamili au 280 za nusu siku kwa mwaka, ila soma kwanza mkataba wa ufadhili wako unasemaje. Na mpango huu wote mwambie mama. Ukimficha safari, utaitembea Praha nzima ukiwa na hatia.

Kabla ya kuondoka, kagua karatasi. Kibali chako cha ukaazi cha Ujerumani kinakuruhusu kuzitembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, na Jamhuri ya Cheki imo. Uingereza na Ireland hazimo. Beba pasipoti yenyewe na kadi ya ukaazi yenyewe, si nakala, kwa maana polisi hukagua ndani ya treni mpakani. Cheki wanatumia koruna, na fedha usibadilishe kwa mtu wa barabarani. Dresden muwahi mchana mkalione, kama bado liko wazi, soko la Krismasi la Striezelmarkt, lililoanza mwaka 1434, na kanisa la Frauenkirche, lililoangushwa na vita mwaka 1945 na kufunguliwa tena 2005 baada ya kujengwa upya. Kutoka hapo treni ya Praha inafuata bonde la mto Elbe. Pandeni ya mchana, ukae dirishani.

Mkirudi, Januari isikukute huna mpango. Siku moja nenda Berlin, kwenye jumba la makumbusho ya historia asilia. Wewe mwanabayolojia utasimama chini ya mifupa ya dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27, ambaye kwao ni Tendaguru, Lindi. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na mamia ya watu wetu wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ikabebwa vichwani kwa siku kadhaa hadi bandarini. Ukiwa pale, mpigie mama kwa picha umwonyeshe. Kama tiketi yako ya mwanafunzi ni ile inayotumika Ujerumani nzima, treni za mikoa hazikugharimu zaidi, ila zile za kasi za ICE hazimo.

Na hapohapo Leipzig, chuo chako kinafundisha Kiswahili. Nenda kwenye idara hiyo ujitambulishe, maana anayejifunza lugha hutafuta mtu wa kuzungumza naye, nawe unahitaji watu. Waalike mwenzako na hao wapya siku moja, usonge ugali. Mwisho wa Januari mchana utakuwa umeongezeka kwa zaidi ya saa nzima, na mwili wako utaanza kuliona hilo.

Jumatatu omba miadi ya mshauri na ya daktari. Jumanne tuma zile 100. Jioni yake mpigie mama, kamera ikiwa wazi, kisha waambie wenzako kwamba unakwenda.

Nakuombea heri,
Shangazi