SOMO LA MTU MZIMA ATAKAYE KUONGOZA VIJANA WA SKAUTI

Somo letu safari hii ni la watu wazima wala si la watoto, ijapokuwa watoto ndio watakaofaidika kwalo, au kudhurika kwa kukosekana kwake. Katika kata ya Mshangano, hapa Manispaa ya Songea, kama katika miji mingine ya nchi yetu, hupatikana watu wenye moyo mwema watakao kuwakusanya vijana na kuwafunza kufunga mafundo, kupiga kambi, kumhudumia aliyeumia na kutumikia watu bila ya ujira. Jambo hili ni jema. Walakini moyo mwema peke yake haumfanyi mtu kuwa kiongozi wa vijana, kama vile kuhurumia wagonjwa peke yake kusivyomfanya mtu kuwa tabibu. Mzazi amtoapo mwanawe siku tatu kwenda kambini ametoa amana, na mwenye kupokea amana hana budi kujua namna ya kuihifadhi.

Mimi niliwahi kuwa msaidizi katika kundi moja, jina lake silitaji, lililokuwa na kiongozi mwenye juhudi kupita kiasi. Tulipiga kambi katika miezi ya kiangazi, nyasi zimekauka. Hema zote alizisimamisha yeye, moto aliuwasha yeye, sufuria aliitenga yeye, na vijana ishirini na wanne walikaa wakitazama kama watu waliokuja arusini. Siku ya pili jioni alitoka kwenda kutafuta chumvi. Upepo ukavuma, cheche zikaruka, nyasi za kando ya meko zikashika moto. Hapana hata kijana mmoja aliyekata tawi bichi aupige moto ule. Wote walisimama wakimwita kiongozi. Ndoo mbili za maji zilikuwapo, hazikufika hatua kumi. Mama mmoja aliyekuwa akirudi shambani ndiye aliyevunja matawi, akauzima yeye na bintiye. Hema moja iliungua, na kijana mmoja akaungua mkono, na mwenziwe kwa huruma akampaka unga wa mahindi juu ya kidonda. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa upande wa pili wa kambi, nahesabu vijiko.

Baadaye watu walilaumu upepo. Lakini mwenye kufikiri ataona ya kuwa upepo haukuwa na kosa. Vijana wale walikuwa wamefunzwa jambo moja tu kwa siku mbili, nalo ni kumngoja mkubwa. Wakalishika somo lao barabara.

Sasa na tutazame asili ya mambo haya, kwani aliyeyaanzisha alianza kwa kuona kinyume cha hayo. Katika vita vya Makaburu, mji wa Mafeking ulizingirwa siku 217, tangu Oktoba 1899 hata Mei 1900, na mkubwa wa askari wa Kiingereza mle alikuwa Robert Baden-Powell. Watu wazima walikuwa wachache, kwa hivi wavulana wa mji walipewa kazi ya kupeleka barua na habari, nao wakaifanya kwa uaminifu. Mwezi wa Agosti 1907 Baden-Powell aliwachukua wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea huko Uingereza. Akawagawa vikosi vinne, na kila kikosi akakipa kiongozi wake, kijana miongoni mwao. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1908 vijana walijikusanya wenyewe kwa maelfu, na palepale taabu ikadhihiri: vijana tele, viongozi haba, na hao viongozi hawakufunzwa.

Kwetu skauti walianza Zanzibar mwaka 1912, na Tanganyika mwaka 1917. Ama mahali maalumu pa kuwafunzia viongozi hapakupatikana hata mwaka 1919, ilipofunguliwa Gilwell Park, karibu na London, na mafunzo ya kwanza yakafanywa Septemba ya mwaka ule. Basi viongozi wa mwanzo wa Zanzibar walitangulia kwa miaka saba, wakijifunza kwa kukosea. Wala haifai kuwacheka, maana wako hata leo wafanyao hivyo, na mafunzo yapo.

Jambo lililofanywa Gilwell ni hili, na ndilo kiini cha somo letu. Watu wazima waliofika hawakuketishwa kwenye viti wakasomewa. Walitiwa katika vikosi kama watoto. Walilala hemani, walijipikia, waliamrishana kwa zamu: leo fulani kiongozi, kesho yeye huyo anachota maji na mwingine amwamrisha. Mtu aliyezoea kutoa amri ofisini alionja ladha ya kuamrishwa na asiyejua, na mtu mnyamavu aligundua ya kuwa sauti anayo. Kisha kila mmoja alirudi kwa vijana wake kuyatenda aliyojifunza, na aliyetimiza alipewa vijiti viwili vya mbao vilivyotungwa katika ugwe wa ngozi, avae shingoni. Alama hiyo yavaliwa hata leo duniani kote.

Vijiti vya kwanza vilitoka katika mkufu uliosemwa kuwa ni wa Dinizulu, mfalme wa Wazulu, alioupata Baden-Powell katika vita vya mwaka 1888. Msomaji wa Songea yampasa kukaa kitako hapa kidogo. Babu za Wangoni waliondoka pande hizo hizo za kusini wakikimbia vita vya siku za Shaka, wakavuka mto Zambezi pamoja na Zwangendaba mwaka 1835, na baada ya kufa kwake baadhi ya jamaa zao wakafika huku kwetu. Basi kijana wa Kingoni amwonapo kiongozi wake na vijiti vile shingoni, na ajue ya kuwa nchi ilikotoka alama ile si ngeni kwa ukoo wake. Na akiuliza kwa nini mkufu wa mfalme ukawa mikononi mwa askari wa kigeni, kiongozi asimnyamazishe. Mji huu una makaburi ya mashujaa walionyongwa Februari 1906 katika vita vya Maji Maji. Watoto wetu wajua vita ni nini.

Turejee. Huenda mtu akasema: Mambo ya vikosi ni ya Wazungu, sisi twajua kufundisha kwa njia yetu. Nami namjibu, njia hii ni yetu pia. Nani aliyesoma chuoni asiyekumbuka ya kuwa mwalimu mmoja huwa na watoto hamsini, na mkubwa aliyekwisha hitimu juzuu zake ndiye amsikilizaye mdogo? Mwalimu hakai na kila mtoto. Hukaa na wale wakubwa. Kundi la skauti huenda vivyo hivyo. Kikosi ni vijana sita hata wanane, wana kiongozi wao na msaidizi wake, wana meko yao na hema yao. Mtu mzima akitaka neno lifike kwa kijana wa mwisho, humwambia kiongozi wa kikosi, kisha hunyamaza. Na hao viongozi wa vikosi hukutana naye katika baraza lao, wakaamua wataenda wapi, watakula nini, na aliyevunja kanuni atendewe nini. Kunyamaza huku ndiko kuliko kugumu kupita mafundo yote, na ndiko hasa kunakohitaji mafunzo.

Suali: Je, kijana akikosea, mkubwa atazame tu?

Jawabu: Makosa ni namna mbili, na kiongozi asiyeweza kuyatenga haifai kupewa watoto. Kikosi kikiunguza ugali, na wale ugali ulioungua. Kesho watakoroga vizuri. Wakifunga hema kwa fundo lisilofaa, na ianguke mchana penye jua. Wakipotea njia kati ya Mshangano na mjini, na waitazame ramani tena, mkubwa akiwa nyuma yao. Haya ni makosa yenye faida, na mwenye kuyaziba yote mapema humnyang'anya mtoto elimu yake. Ama makosa ya moto, ya maji ya kina, ya panga, ya umeme na ya barabara ya magari, hayo hayangojwi. Hapo mkubwa husema neno moja, "Simama!", na vijana wawe wamekwisha zoezwa kulitii tangu siku ya kwanza. Wala asiseme neno hilo kwa ajili ya ugali, maana likizoeleka halitasikiwa siku ya mto.

Kwa hivi mkufunzi mwema huwapa wanafunzi wake wazima mazoezi ya kuamua. Huwaambia: Kikosi kimewasha moto, nyasi za kando hazikufyekwa, kiongozi wao hana habari; utafanyaje? Mmoja atasema nitafyeka mwenyewe. Huyo bado. Mwingine atasema nitamwita kiongozi wa kikosi, nimwulize aona nini. Huyo ameanza kuelewa. Lakini upepo ukiwa umekwisha vuma, yule wa kwanza ndiye mwenye haki. Watu hubishana sana juu ya zoezi hili, na kubishana kwao ndiko kujifunza.

Suali: Mtu asiyejua mafundo wala dira aweza kukubaliwa?

Jawabu: Aweza. Mafundo hujifunzwa kwa siku mbili, nayo si mengi ya lazima. Lililo la lazima kabla ya kumchukua mtoto popote ni huduma ya kwanza. Aliyeungua na apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe unga, wala mafuta, wala dawa ya meno. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe sumu, asifungwe kamba ya kukaza. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi. Kijana yule wa unga wa mahindi hakuwa na ubaya. Alifanya aliyoyaona nyumbani, na hapana mkubwa aliyemfunza mengine.

Sasa tuseme juu ya kuchagua watu, jambo ambalo wengi hulionea haya. Walimu wa shule ndio hubebeshwa mzigo huu mara nyingi, na wengi wao huubeba vizuri. Lakini kwa nini wawe wao tu? Fundi seremala, muuguzi aliyestaafu, mkulima ajuaye miti na nyota, hawa wana elimu ambayo vijana wana njaa nayo. Lakini kila atakayekuja na aulizwe habari zake: kwa majirani, kwa mwenyekiti wa mtaa, msikitini kwake au kanisani kwake, na mahali alipofanya kazi kwanza. Asiudhike. Mwenye nia safi hufurahi kuona watoto wanalindwa. Na kanuni hii isivunjwe kwa ajili ya mtu yeyote, hata awe mtukufu: mtu mzima asikae na mtoto faraghani peke yake; siku zote wawepo wakubwa wawili, na penye wasichana awepo mwanamke. Mkubwa halali hema moja na watoto. Atakaye kambi bila ya mwenziwe wa pili, kambi hiyo haipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kila asiyetimiza miaka 18 kuwa mtoto, na mwenye kuona au kushuku dhuluma aweza kupiga simu namba 116 bila ya malipo. Namba hiyo wafunzwe vijana wenyewe, si wakubwa tu. Kiongozi asiyetaka waijue na aondolewe siku hiyo hiyo.

Suali: Na ibada kambini je?

Jawabu: Ahadi ya skauti yataja wajibu wa mtu kwa Mungu, kwa hivi kiongozi hana ruhusa ya kuipuuza dini ya kijana, wala ya kumlazimisha ya mwenziwe. Ratiba na ipangwe ili nyakati za sala zisigongane na safari, Mkristo apate Jumapili yake, na nyama iwe ya halali kwa wote ili wale chungu kimoja. Aliyefunga Ramadhani asipewe matembezi ya jua kali. Na hapa pana somo zuri la dira: toka Songea, kibla ni karibu kaskazini yenyewe, digrii kama 7 tu kuelekea mashariki. Waulize vikosi waipate wenyewe, kwanza kwa dira, kisha usiku wautafute Msalaba wa Kusini na kugeuka nyuma. Niliona watoto wa dini mbili wakiifanya kazi hiyo kwa bidii sawa, na Mkristo mmoja ndiye aliyesahihisha.

Mafunzo yenyewe, kwa watu wa Mshangano, hayahitaji fedha nyingi. Yaanze Ijumaa baada ya sala, yaishe Jumapili jioni, katika mwezi wa Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Baridi ya Songea katika miezi hiyo ni kali usiku, nayo ni mwalimu: mkubwa aliyetetemeka hemani kwa kusahau blanketi hatasahau kukagua mizigo ya watoto. Nyasi zifyekwe hatua kadhaa kuzunguka kila meko, na ndoo za maji na mchanga ziwe tayari kabla ya kiberiti kutolewa mfukoni. Baada ya hapo waandikiwe majina kwa kamishna wa skauti wa wilaya, wapate kuendelea na mafunzo ya daraja za juu ya Chama cha Skauti Tanzania, maana siku tatu hazitoshi.

Usiku wa mwisho mkufunzi na awaalike vijana wa kundi lililokwisha zoea. Awape kiberiti na kuni, awaambie wapike chakula cha watu wote. Kisha wale wazima wakae mbali kidogo, mikono magotini, wasiseme neno hata chakula kiive. Yeye mkufunzi asitazame sufuria. Awatazame wale wazima, aone ni nani anayeinuka.