Plasta ya nikotini: hesabu sigara kwanza

Wavutaji wengi hapa Bukavu hununua sigara moja moja: moja asubuhi kwenye kibanda cha Kadutu, nyingine wakishuka Ibanda, mbili jioni. Ukimuuliza mtu anavuta ngapi kwa siku, atakuambia "chache tu". Basi kabla ya kutoa pesa yako kununua plasta ya nikotini ili uache kuvuta, andika kila sigara unayovuta kwa siku tatu, kwa sababu dozi hufuata idadi hiyo.

Kwa plasta za saa 24, anayevuta zaidi ya 10 kwa siku kwa kawaida huanza na miligramu 21 kwa wiki 6, halafu 14 kwa wiki 2, na 7 kwa wiki 2 za mwisho. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14. Zipo pia za saa 16 zenye vipimo vingine, kwa hiyo soma karatasi iliyomo ndani ya boksi. Wengi hushindwa kwa kuogopa kwamba dozi kubwa italeta kansa, wakaanza na ile ndogo, hamu ikawazidi nguvu. Hofu hiyo haina msingi: kansa huletwa na moshi, na plasta haina moshi. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009.

Ibandike asubuhi kwenye ngozi safi, kavu, isiyo na nywele: juu ya mkono, kifuani au mgongoni. Ibonyeze kwa kiganja sekunde 10, kisha nawa mikono. Kesho badili mahali. Usiikate. Ndoto mbaya zikikusumbua, ibandue kabla ya kulala.

Mwenye mimba, aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni na mwenye mapigo ya moyo yasiyo sawa waonane na daktari kwanza. Vilevile anayetumia teofilini kwa pumu au insulini kwa kisukari: mwili ukiacha kupokea moshi, dozi ya dawa hizo huenda ikahitaji kupunguzwa. Hili husahauliwa sana.

Ukiteleza ukavuta moja, usibandue plasta; endelea nayo. Nunua boksi lililofungwa, lenye tarehe inayosomeka, katika famasi inayojulikana, si sokoni. Iliyotumika ikunje gundi kwa gundi, uitupe mbali na watoto: bado ina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo.