Je, Maji Yategemewe Kupoza Kompyuta?

Mwanafunzi yeyote aliyekwisha kugusa ubavu wa kompyuta ya mezani iliyofanya kazi kutwa nzima anajua kwamba mashine hii hutoa joto. Asichokijua pengine ni jinsi joto hilo lilivyosongamana. Prosesa ya siku hizi, inapofanya kazi nzito, yaweza kutumia wati 150 au zaidi, na karibu umeme wote huo hugeuka joto katika kipande cha silikoni chenye eneo la kadiri ya sentimeta mraba 2. Pasi ya umeme ya wati 1000 imelitandaza joto lake juu ya bamba la kadiri ya sentimeta mraba 200. Gawanya utaona: pasi hutoa wati 5 kwa kila sentimeta mraba, prosesa 75. Na ilhali pasi hutakiwa iwe ya moto, prosesa hutakiwa isifike nyuzi 100 za Selsiasi.

Katika kompyuta nyingi joto hili huondolewa kwa hewa. Juu ya prosesa hukandamizwa kitako cha shaba au alumini chenye mapezi mengi membamba, na feni huyapulizia. Joto hupita katika metali kwa mpitisho, kisha huchukuliwa na hewa kwa msafara. Vipozaji vilivyo bora huwa pia na mabomba ya shaba yaliyozibwa pande zote, ambamo mna maji kidogo sana. Maji hayo hugeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa maji upande wa baridi. (Kwa hiyo mtu asemaye kwamba hataki maji kabisa katika kompyuta yake huenda anayo tayari.)

Njia ya pili ni ile ya injini ya gari. Juu ya prosesa huwekwa kitako cha shaba kilichochongwa mifereji myembamba. Pampu husukuma kiowevu katika mifereji hiyo, kikatoka na joto, kikapita katika mpira hadi kwenye rejeta yenye feni, kisha kikarudi.

Kwa nini maji? Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4180 ili ipande nyuzi 1, na kilo moja ya hewa jouli 1000 hivi. Lakini lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita ya hewa gramu 1.2 tu. Basi, lita kwa lita, maji hubeba joto mara 3500 kuliko hewa. Tuchukue pampu inayosukuma lita 1 kwa dakika, yaani gramu 16.7 kwa sekunde. Kila sekunde maji hayo huchukua jouli 70 kwa kila nyuzi wanayopanda. Wati 150 zitayapandisha nyuzi 2 na kitu kidogo. Hewa, ili ichukue wati hizo hizo na kupanda nyuzi 10, sharti ipite lita 12 na nusu kila sekunde.

Hesabu hii ni ya kweli, lakini huwapotosha wengi. Maji hayaliangamizi joto, hulihamisha tu. Mwishoni, kwenye rejeta, joto lilelile sharti likabidhiwe hewa ya chumbani. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 32 mwezi wa Machi, hakuna rejeta itakayoishusha prosesa chini ya nyuzi hizo. Faida halisi ya maji ni kwamba huwezesha joto kupelekwa mbali na prosesa, penye nafasi ya mapezi mengi zaidi.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Mfumo wa hewa una kitu kimoja tu kinachozunguka, nacho ni feni. Mfumo wa maji una feni, pampu, mipira, viungo, na kiowevu chenyewe. Kimoja kikiharibika, wote umeharibika. Wanafunzi wa hisabati watatambua hapa kanuni ya kuzidisha uwezekano. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa feni kudumu miaka mitano ni 0.95, pampu vilevile 0.95, mipira na viungo 0.98, na kiowevu 0.98. Uwezekano wa mfumo wote kudumu ni 0.95 × 0.95 × 0.98 × 0.98, yaani 0.87 hivi. Hakuna sehemu iliyo mbovu, na hata hivyo jumla yao ni dhaifu kuliko kila moja. Kinyume chake, kipozaji cha hewa chenye feni mbili, kila moja ikitosha peke yake, kitakwama tu zikifa zote: 1 − 0.05 × 0.05, yaani 0.9975.

Kuvuja ndiko kunakoogopwa zaidi. Mwezi Juni 2004 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza kompyuta ya mezani ya Power Mac G5 yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5, ikipozwa kwa kiowevu. Miaka ilipopita, baadhi ya mashine hizo zilivuja: kiowevu kilipenya kwenye viungo, kikatiririka juu ya vipande vya umeme na kuviharibu. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilipotoa Mac Pro ya kwanza, ilirudi kwenye hewa. Wapo wajibuo kwamba maji safi hayapitishi umeme. Ni kweli kwa maji yaliyosafishwa kikamilifu. Lakini maji yaliyozunguka katika shaba kwa miezi, kisha yakaangukia vumbi la ubaoni, yamekwisha kuokota ioni nyingi na hayana usafi huo tena.

Hata hivyo, kwa maoni yangu kuvuja si hatari ya kawaida. Mara nyingi zaidi mfumo hufa kimya. Maji hupenya polepole sana katika kuta za mipira na kutoweka kama mvuke, na nafasi yake hushikwa na povu la hewa. Povu hupanda hadi mahali pa juu kabisa. Ikiwa hapo ndipo pampu ilipo, pampu husaga hewa na kuchakaa. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hufunga rejeta ili sehemu yake ya juu iipite pampu kwa kimo. Aidha, kitako cha shaba na rejeta ya alumini, vikiwa katika kiowevu kimoja, ni seli ya umeme kama ile ya kitabu cha kemia: potensho sanifu ya shaba ni volti +0.34 na ya alumini −1.66. Watengenezaji hutia dawa ya kuzuia kutu, lakini dawa ikichoka alumini huliwa, na uchafu wake huziba mifereji ambayo upana wake haufiki milimeta moja.

Feni ikisimama mtu huiona, na metali huendelea kupoteza joto kidogo kwa msafara wa asili. Pampu ikisimama hakuna anayeona. Prosesa za sasa hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na joto likizidi hujizima; kwa hiyo mwenye kompyuta hulalamika kwamba mashine imekuwa nzito, akabadilisha programu bure. Shule yenye kompyuta chache, na fundi aliye mbali, haina sababu ya kununua mfumo wa maji: feni hupatikana popote na hubadilishwa kwa bisibisi. Anayeendesha hesabu nzito usiku na mchana, na aliye tayari kubadilisha mfumo kabla haujachoka, hesabu yake ni nyingine.

Walimu waweza kuonyesha seli ile darasani. Chovya ukanda wa shaba na ukanda wa alumini katika maji yaliyotiwa chumvi, visigusane, kisha uviunganishe na voltimita. Tofauti ya zile potensho mbili ni volti 2, lakini sindano haitakaribia hapo. Wanafunzi watafute sababu: waanze kwa kuusugua ukanda wa alumini kwa msasa na kusoma voltimita upya, kisha waache kanda hizo majini zikiwa zimeunganishwa kwa waya kwa juma zima na kutazama ni ukanda upi unaoliwa.