KORESHI, MFALME WA UAJEMI

Someni kwanza: Ezra 1, Isaya 45:1–7.

Ndugu wasomaji, jina la Koreshi twalisikia kanisani, lakini habari za ufalme wake hazijulikani kwa wengi. Basi tuziangalie kwa utaratibu.

1. Kutawala kwake. Koreshi alianza kutawala nchi ndogo ya Anshani yapata mwaka 559 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwaka 550 alimshinda mfalme wa Wamedi, kisha akaitwaa nchi ya Lidia. Mwaka 539 askari zake waliingia Babeli. Alikufa mwaka 530, na mwanawe akatawala mahali pake.

2. Amri yake. Wafalme wa Ashuru na Babeli walikuwa na desturi ya kuwahamisha watu walioshindwa, wasipate kuasi tena. Ndivyo Nebukadreza alivyowatenda Wayahudi, akaliteketeza Hekalu na kuvichukua vyombo vyake. Koreshi aligeuza njia hiyo. Mwaka 538 aliwapa ruhusa warudi wakajenge, na vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha vikarudishwa pamoja nao.

Sisi tukaao Terrat na pande zote za Mlima Meru twaujua uzito wa jambo hili. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu, ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York kuyapeleka mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Mtu aliyeondolewa katika nchi ya baba zake haombi sadaka. Aomba haki yake.

3. Je, Koreshi aliongoka? Wako wafundishao hivyo. Lakini mwaka 1879 katika magofu ya Babeli lilionekana pande la udongo, mfano wa pipa dogo, lenye maneno ya Koreshi. Sasa limewekwa katika nyumba ya makumbusho, London. Humo asema kwamba aliyemchagua ni Marduki, mungu wa Babeli, tena kwamba alizirudisha sanamu za miungu ya miji mingine na watu wao makwao. Wayahudi hawatajwi. Basi hakuwatendea wema Wayahudi peke yao. Ilikuwa njia yake ya kutawala, nayo ilimfaa, maana watu waliorudishwa kwao hutii kuliko waliofungwa.

Hata hivyo Isaya amwita mpakwa mafuta wa Bwana, na papo hapo asema kwamba hakumjua Bwana. Maneno haya mawili tusiyatenganishe. Tusimvike Koreshi imani asiyokuwa nayo. Wala tusiidharau haki itendwayo na mtawala asiyesali pamoja nasi, kwa kuwa Mungu aweza kuitumia.

Maswali ya kuzungumza:
(a) Koreshi alitofautianaje na Nebukadreza?
(b) Kwa nini watu wengine walibaki Babeli, ingawa njia ilikuwa wazi?
(c) Je, kuna kitu mikononi mwetu kilichotwaliwa na waliotutangulia, ambacho yatupasa kukirudisha?